Dada yangu alipoteza raundi ya kwanza, tukaondoka tukidhani tumetolewa

Wakuu, nawasalimu kutoka Kabati, Kitui.

Ninayoandika hapa yalinipata mimi na dada yangu, na sijaongeza chumvi. Kuna mahali nitaonekana mjinga. Acha nionekane, bora kuna mtu atasoma na asirudie.

Uzi ni wa chess, lakini hata kama hujui chess utaelewa. Hofu haihitaji mtu ajue kucheza.

Mimi ni fundi wa viatu hapa sokoni. Ni kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na mimi nikaacha shule nikiwa form one ili nibaki na wadogo zangu wawili. Anayenifuata ni Mwikali. Wakati wa haya alikuwa form two, shule ya kutwa.

Chess ilitufikia kupitia kanisa. Pastor wa vijana alileta mbao mbili, tukajifunza, na baadaye tukaanza kufanya tournament kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Majina yanaandikwa kwa karatasi, yanatiwa kwenye mkebe wa kakao, yanavutwa mawili mawili. Ukishinda unaendelea. Ukipoteza unaenda nyumbani.

Hiyo ndiyo knockout. Hakuna aliyekaa akaichagua. Ndiyo tuliyoijua tu. Mpira wa kijiji ni knockout, mashindano ya maswali ya Biblia ni knockout, kwa hiyo chess pia ikawa knockout.

Tulianza watu kumi na sita. Saa nne asubuhi nusu yao walikuwa wameshatolewa, na wengine wametembea saa nzima kuja. Miezi ikaenda, wakapungua. Fundi Kilonzo, seremala jirani yangu, alitolewa raundi ya kwanza Jumamosi nne mfululizo, mara tatu na mtu yule yule. Ya tano hakuja. Nilipomuuliza akanijibu, "Si niwaachie tu wenyewe? Mimi nakuja kusalimia mkebe."

Mwishowe tukabaki wanne wale wale, tunakutana kila mwezi, tunajuana mpaka mtu anavyopumua. Tulidhani tumekuwa wakali.

Mwikali alikuwa mmoja wa hao wanne. Lakini wakuu, kila asubuhi ya tournament alikuwa anatapika. Mimi nilikuwa namshikia kikombe cha maji na kumwambia, "Usipoteze tu. Usipoteze." Sikuwahi kumwambia ashinde. Nilikuwa namfundisha kuogopa, na sikujua.

Sasa nikuje kwenye jambo lenyewe.

Mwaka huo baba mdogo alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai mpaka akaimaliza. Kisha akasema ameona ninavyohangaika, na kwamba mwaka ukiisha Mwikali atoke shule aende kusaidia kwa duka la mke wake, ili nibaki na mtoto mmoja wa kusomesha.

Nikamwambia, "Baba mdogo, Mwikali anapenda shule."

Akanijibu bila ubaya wowote, "Wewe pia ulipenda. Ulitoka, na hujafa."

Nikaondoa kikombe chake. Mwikali alikuwa jikoni, alisikia yote.

Baada ya wiki chache nikaona tangazo kwenye simu. Tournament ya wasichana, likizo ya August, Sultan Hamud, kwenye ukumbi wa kanisa moja. Raundi sita, siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Chini yake: mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni huko Makueni anatafuta timu ya chess, na wasichana wanne wa kwanza watapewa nafasi, wasome bila kulipa.

Wanne wa kwanza. Nilisoma tangazo hilo mara nyingi mpaka Mwikali akaninyang'anya simu.

Tulifika Ijumaa mapema. Wasichana kumi na wanne. Mbao zimepangwa zinang'aa, kila ubao na saa yake, wengine wamevaa sare za timu. Mwikali alikuwa na sweta ya kijani ya shule. Kabla tuingie, refa, mwalimu mmoja mama mrefu, akatangaza mlangoni kwamba simu ikilia ndani, mchezaji anapoteza mchezo. Nikazima yangu papo hapo, na nikaizima kabisa, wala si silent. Niliogopa isije ikawa mimi ndiye wa kumharibia.

Kisha jamaa wote tukatolewa nje. Refa akabaki ndani akiwaeleza wachezaji utaratibu. Mwikali aliniambia baadaye kwamba alisikia neno "Swiss" na akaona haya kuuliza ni nini.

Raundi ya kwanza akapangwa na msichana aliyekuwa namba moja kwenye orodha. Nilimwona dirishani. Kabla ya saa nne kasoro robo ilikuwa imeisha. Mwikali alitoka akiwa ameshika penseli yake ya kuandikia moves, uso hauna kitu.

"Amenila," akasema.

Nikamwambia, "Twende."

Wakuu, hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Kwa akili yangu, raundi sita zilikuwa za wale wanaoendelea kushinda. Ukipoteza umetoka. Sikumuuliza mtu. Sikumuaga mtu. Niliona aibu hata kumtazama refa. Nikachukua mfuko, tukashuka kuvuka reli mpaka barabarani kungojea gari la kuturudisha upande wa Machakos.

Magari ya kutoka Mombasa yalikuwa yanapita yamejaa. Nami, kusema ukweli, sikuwa na haraka. Nilikuwa napiga hesabu ya kumwambia baba mdogo nini. Tulikaa juu ya jiwe nyuma ya malori yaliyoegeshwa. Saa nzima ikapita. Nilikumbuka siku niliyorudisha vitabu vya shule, jinsi mwalimu alivyovihesabu na kuniambia niko sawa, naweza kwenda.

Ghafla Mwikali akasema, "Kaka, mwambie baba mdogo nitaanza hata Jumatatu. Nisingoje mwaka uishe."

Mtoto alikuwa anajifungia mlango mwenyewe, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikamtoa pale.

Kabla sijamjibu, nikamwona mzee mmoja mwenye kofia ya Kiislamu anakuja mbio mbio kati ya malori, anahema, anatazama kila mtu. Akatuona. Akanyoosha kidole.

"Wewe! Ndiye mwenye msichana wa sweta ya kijani?"

Nikasimama. Wazo la kwanza lilikuwa tumeshukiwa wizi. Nikaanza kupapasa mfuko, labda Mwikali amebeba farasi au pawn ya watu bila kujua.

"Mzee, hatujachukua kitu."

"Nani amesema mmechukua? Mbona umezima simu? Refa amekupigia mpaka amechoka!"

"Tulipoteza, mzee. Tunaenda nyumbani."

"Mmepoteza moja!" Akainua vidole usoni kwangu. "Moja! Zimebaki tano!"

"Si tumetolewa?"

Akanitazama kama mtu anayetazama gari lililoegeshwa kinyume. "Kijana, kule hakuna anayetolewa. Jina la dada yako liko ukutani, raundi ya pili, na binti yangu amekaa mbele ya kiti kitupu. Saa ya dada yako inakimbia tangu saa tano kamili. Ikifika dakika thelathini hajafika, amepoteza na hiyo."

Nikauliza imepita dakika ngapi. Akasema alipotoka ukumbini zilikuwa saba, na amepoteza nyingine akitutafuta.

Tukakimbia. Mimi na mfuko, Mwikali mbele, na yule mzee nyuma anapiga kelele, "Msinisubiri! Msinisubiri!"

Tulipovuka reli, Mwikali akasimama. Akashika magoti.

"Siwezi, Kaka. Nitapoteza tena, na sasa wote wananijua. Ni yule msichana aliyetoroka."

Wakuu, mimi ndiye mkubwa. Nimezoea kusema usiogope, niko hapa. Siku hiyo sikuyasema.

Nikamwambia, "Mimi pia naogopa. Lakini nikikuacha hapa tukapanda gari, nitaogopa hivi mpaka nizeeke. Twende hivyo hivyo."

Akanitazama kama hakuwa akijua hilo kunihusu. Kisha akakimbia.

Aliingia ukumbini dakika ya ishirini na nane. Saa yake ilikuwa imebakiwa na dakika kumi na saba, ya mpinzani bado arobaini na tano nzima.

Mpinzani alikuwa Zainabu, binti wa yule mzee, Mzee Salim, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwingi. Alipomwona Mwikali alisimama, akampa mkono, akamsogezea kiti. Nilisimama dirishani nikitafuna kamba ya mfuko.

Mzee Salim alifika akiwa amelowa jasho, akasimama karibu nami. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini amekuja kututafuta. Kiti kikibaki kitupu, binti yake anapata pointi ya bure.

Akasema, "Unadhani sikumwambia? Alikuja mlangoni akaniambia niende stage, kwenye magari, niwatafute. Nikamwambia, kaa mama, chukua pointi yako. Akaniambia, 'Baba, nimetoka Mwingi kucheza na mtu, si na kiti.' Sasa hapo nimjibu nini?"

Tukatazama pamoja. Yeye upande wa binti yake, mimi upande wangu, bega kwa bega kwenye dirisha moja.

Mwikali alishinda. Ubaoni ilibaki rook moja na pawn mbili, saa yake iko na dakika isiyofika moja, na Zainabu akakosea hatua moja tu. Nilimwona Zainabu akiinamisha kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Sikuthubutu kumtazama baba yake. Nilitaka kufurahi na nikashindwa.

Alasiri hiyo ndipo nilipokwenda kwa refa, nikiwa na aibu yangu yote, nikamwomba anieleze hii Swiss ni nini. Alinieleza vizuri, hakunicheka. Kila mtu anacheza raundi zote. Kila raundi unapangwa na mtu mwenye pointi kama zako au karibu nazo. Hukutani na mtu mmoja mara mbili. Ukishinda unapanda kwa wakali, ukipoteza unashuka kwa wa kiwango chako, lakini hutoki.

Nikamuuliza, "Na kama mtu anataka kutoka?"

Akasema, "Anakuja kuniambia, na namuuliza kama ana uhakika."

Jibu hilo limekaa nami.

Tulilala kwa mama mmoja wa kanisa hilo. Siku ya pili hofu haikuisha, ilibadilika tu. Katika knockout unaogopa mara moja, unatolewa, unapumua. Huku unaogopa, unapoteza, halafu unaitwa tena kuja kuogopa. Mwikali alikuwa ameshinda ya tatu Ijumaa. Jumamosi akashinda ya nne, akapoteza ya tano vibaya sana. Alitoka nje, akaenda nyuma ya choo kutapika. Akarudi, akanawa mikono, akaenda mwenyewe kusoma ukutani amepangwa na nani. Sikumwambia aende. Nilikuwa nimeshika jacket yangu tayari, mkono wenyewe ulikuwa umeichukua.

Akashinda ya sita.

Pointi nne kati ya sita. Wasichana watatu wa juu walikuwa wanajulikana. Nafasi ya nne ikawa na wawili waliolingana, pointi nne kwa nne. Mwikali, na Zainabu.

Ndiyo. Zainabu baada ya kupoteza mbili za kwanza alishinda zote nne zilizobaki. Fanyeni hesabu wenyewe. Kama angekaa tu kimya mbele ya kile kiti, angekuwa na tano, na nafasi ingekuwa yake bila mjadala.

Refa alichukua muda mrefu na karatasi zake. Nilikaa kwenye ngazi na kichwa kati ya magoti. Niliogopa Mwikali akose. Na wakuu, niliogopa pia apate. Sijawahi kuogopa pande mbili kwa wakati mmoja namna ile.

Akatoka, akatangaza. Wachezaji wakilingana, zinajumlishwa pointi za wapinzani wote wa kila mmoja. Aliyekutana na wenye nguvu zaidi anakaa juu. Na mpinzani wa kwanza wa Mwikali, yule namba moja aliyemla kabla ya saa nne, alikuwa ameshinda zote sita. Pointi zake sita ndizo zilizomvusha Mwikali.

Yaani mchezo ule tulioukimbia. Ule niliomtoa ukumbini kwa sababu yake. Ndio uliompa shule.

Mwikali hakuruka. Alikwenda moja kwa moja kwa Zainabu, akasimama mbele yake.

Zainabu akamtazama, macho mekundu, akasema, "Mwaka ujao ukienda stage, sikutumii mtu."

Mwikali akacheka huku analia. Zainabu pia. Nikaenda kwa Mzee Salim nikamwambia pole, na asante, sijui ni lipi nililolitanguliza. Akanishika bega.

"Kesho nitakasirika," akasema. "Leo niache nijivunie."

Sijui kama Zainabu aliihitaji nafasi ile kama sisi. Sikuuliza. Niliogopa jibu, na bado naogopa.

Mwikali sasa yuko form three, bweni. Baba mdogo alipopewa habari akasema, "Basi mchezo wenu una kazi," akaomba chai nyingine.

Sasa niseme nililojifunza, kwa wale wanaoendesha tournament ndogo kama zetu.

Sisemi knockout ni mbaya kila mahali. Kama mna alasiri moja na mbao mbili, na mnataka bingwa tu, itawapa bingwa. Lakini haikuzi wachezaji. Aliye dhaifu anacheza mara moja kwa mwezi, tena akiwa na woga, na aliye hodari anazidi kucheza na kuzidi kuwa hodari. Baada ya mwaka mnajiita wakali, kumbe mmewafukuza wote ambao wangewafanya muwe wakali. Na kwa watu kama sisi ambao tumeshatolewa mahali pengine maishani, knockout inatukuta tumeshazoea kuchukua mfuko na kwenda. Hatuulizi hata kama ni lazima.

Nilirudi Kabati nikaomba tubadilishe. Tunatumia karatasi na rula, raundi nne, hakuna anayetolewa. Mkebe wa kakao sasa natilia misumari ya viatu. Nilikwenda kumwomba Fundi Kilonzo arudi, akanitania wiki mbili, akaja. Siku ya kwanza alipoteza mbili, akapangwa na mwenzake aliyepoteza mbili, akashinda. Alisimama akatembea kuzunguka ukumbi mzima. Mwezi uliopita alinifunga mimi, raundi ya kwanza.

Nilipolaza mfalme wangu kukubali kwamba nimefungwa, mkono ulikwenda kwenye jacket. Niliuona ukienda. Nikauambia rudi, nikakaa, nikangoja jina langu lisomwe.

Swali langu kwenu: tuko tisa, kwa hiyo kila raundi mmoja anakosa mpinzani na anapewa pointi ya bure. Refa aliniambia apewe aliye chini kabisa kwenye pointi. Lakini naona aliye chini anakaa peke yake pale mbele ya kiti kitupu, ameshika pointi yake, na uso wake unanikumbusha lile jiwe nyuma ya malori. Nyinyi mnafanyaje? Na kama kuna aliyewahi kuondoka mahali kabla hajatolewa, aandike hapa chini. Nitasoma yote.